Jembe Mbele ya Jumba la Mfalme

Jembe lilikuwa juu ya mawe ya barabara, mdomo wake umeelekea mlango wa mfalme, na halikuwa na mpini. Njiwa mmoja alishuka, akalizunguka, akaligonga mara moja, akaona si chakula, akaruka. Nyuma ya jembe alikaa mjomba wangu Asani, chini kabisa, miguu ameikunja ndani ya koti la kijivu tulilogawiwa siku ya kufika. Nyuma ya mjomba nilisimama mimi. Hiyo ilikuwa Bruxelles, Ubelgiji, mwezi wa sita, mwaka wa 1958. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa namwomba Mungu basi lije upesi.

Nimetembea sana tangu siku ile. Nimelala Kindu na Kalima, Bukavu na Uvira, nimevuka ziwa mpaka Kigoma. Nimeuza chumvi, nimepikia watu wa barabara, nimefundisha watoto herufi ambazo mwenyewe nilijifunza vipande vipande, mwaka mmoja kwa Mapadri wa Kasongo, miezi minane kwa shemeji yangu aliyekuwa mwalimu, kisha basi. Watu huniuliza kwa nini sikai mahali. Huwa nawaambia miguu yangu ina wadudu. Wanacheka, na maneno yanaishia hapo.

Mama yangu alizaliwa Lusandu. Usikitafute kijiji hicho, hakipo. Kilikuwa siku mbili kwa miguu kutoka Kabambare, ukishapita Wamaza unaacha njia kubwa na kufuata mto mpaka unaona mlima mmoja mwekundu. Juu ya mlima huo wazee wa zamani waliyeyusha chuma, na matanuri yao ya udongo yalikuwa bado yamesimama nilipokuwa mdogo, yamevunjika vichwa, mbuzi wakilala ndani. Watu wa Lusandu walikuwa wahunzi. Mjomba Asani alikuwa wa mwisho kati yao aliyejua kazi yote, ingawa wakati wake chuma hakikutoka tena mlimani. Alifua springi za kamyo mbovu, malori ya barabarani, na majembe yake yalinunuliwa mpaka soko la Kasongo.

Kule Lusandu kulikuwa na desturi. Mtu akiwa na shauri na mtu aliye mkubwa kuliko yeye, hakwenda na mdomo. Alichukua jembe jipya, halijatiwa mpini, akaliweka uani kwa mkubwa yule, mdomo ukielekea mlango, akakaa chini nyuma yake na kunyamaza. Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya mwenye nyumba. Ilimpasa atoke, au atume mtu wake, aulize: "Umeleta nini?" Hayo tu. Yakishatamkwa, shauri limefunguliwa, na hakuna wa kulifunga mpaka lisikilizwe lote, hata likichukua miaka. Lakini mwenye jembe asiseme kwanza, wala yule aliyemsindikiza. Akisema kwanza, ameshindwa. Na jua likizama bila mtu kuuliza, hilo ndilo jibu. Unaokota jembe lako, unalitia mpini, unalima nalo pale ulipoambiwa ulime. Hulirudii tena shauri hilo, wewe wala mtoto wako.

Nimeyaeleza haya mbele ya watu wengi, katika miji mingi, kama hadithi ya kuchekesha. Sikuwahi kuifikisha mwisho.

Mwaka wa 1955 karatasi ilifika Lusandu. Kijiji kihame. Kikakae kando ya barabara, kwenye kilomita ya arobaini na moja, pamoja na vijiji vingine vitatu, ili kuhesabu watu na kupima pamba kuwe rahisi. Na bonde lenyewe, kampuni moja ililitaka kwa sababu ya mawe meusi mazito yaliyokuwa chini ya mto. Watu walikataa. Makaburi yalikuwa kule, mashamba yalikuwa kule, mama yangu alilala kule chini ya miti ya mawese. Polisi walikuja wakachoma ghala za mahindi. Watu walikataa. Wanaume kumi na mmoja walipelekwa gerezani, wakarudi wamekonda, wakakataa.

Ndipo mjomba akafua jembe, akatembea siku mbili, akaliweka mbele ya baraza la bwana wa teritwari, Mzungu mtawala wa wilaya, Kabambare.

Mimi nilikuwa planto pale, mtumishi wa kupeleka barua kutoka meza hii hadi meza ile. Nilimwona akikaa chini. Bwana alitoka. Alikuwa kijana, mgeni nchini, uso umeiva kwa jua. Aliliokota jembe, akaligonga kwa ukucha, akasikiliza mlio wake.

"Muulize bei gani," aliniambia.

Niliuliza. Mjomba alinitazama kana kwamba nimevunja chungu. Hakujibu. Bwana alicheka, akaweka sarafu chini, akaingia na jembe ndani na kulitundika ukutani, kati ya picha ya mfalme na kalenda. Mjomba alikaa mpaka jua likazama. Sarafu aliiacha palepale, na asubuhi polisi mmoja akainywea pombe.

"Mujomba, shauri limekufa?" nilimuuliza njiani.

"Hapana." Alikuwa akifikiri. "Hakuuliza. Lakini jembe amelipokea ndani ya nyumba. Jambo kama hili halijatokea bado. Siwezi kusema limekufa, siwezi kusema ni zima. Tutangoja."

Wakangoja. Lusandu nzima ilingoja, na kwa kuwa walikuwa wanangoja, hawakuhama. Polisi walirudi, wakachoma tena, na watu walijenga ghala palepale penye majivu. Mtu hawezi kuhama wakati shauri lake liko mbele ya mkubwa. Kwao jambo hilo lilikuwa wazi kama mchana.

Mwanzoni mwa 1958 barua ilitoka juu. Ulaya kutakuwa na maonyesho makubwa ya dunia nzima, na wanatafutwa watu wa kazi za mikono wa kuonyesha Kongo: wafinyanzi, wasusi, mhunzi mmoja. Bwana aliisoma barua hiyo, akainua macho, akaliona jembe ukutani.

Nilipompelekea mjomba habari, aliacha mvukuto, akapangusa mikono, akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka miaka mitatu.

"Umeona, mwipwa? Yule alikuwa mudogo. Hakuwa na nguvu ya kuuliza. Amelisukuma shauri kwa mukubwa wake."

Ningemwambia kwamba wanatafuta mtu wa kutazamwa, si mtu wa kusikilizwa. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni. Lakini alihitajika pia mkalimani, mtu wa Kibangubangu, lugha yetu, na Kifaransa kidogo, na bwana alikuwa ameniahidi kwamba nikirudi bila aibu yoyote, ataniandikia barua ya kuwa karani mwenye meza yake. Nilitaka meza ile. Nilikuwa nimeshaiona, ya mninga, yenye droo mbili. Nikayameza maneno.

Kabla ya kuondoka alipanda mlimani, akachimba ndani ya tanuri moja la baba zake, akatoa bonge la chuma cha zamani, kimekunjamana kama ini. Jembe la Bruxelles alilifua kutoka hapo. Watu wote walikuja kutazama, hata wanawake wenye watoto wachanga, na binti yake Amisa alivuta mvukuto asubuhi nzima. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwenye ulimi mkali. Aliniambia, "Kaka Marcellin, weye ndiwe masikio ya baba kule. Usiyafunge."

Nilimwambia sitayafunga.

Maonyesho yenyewe sitayasema sana. Tulikuwa ndani ya ua, kwenye vibanda vya nyasi vilivyojengwa na watu ambao hawajawahi kulala kwenye nyumba ya nyasi, na Wazungu walipita nje ya ua tangu asubuhi mpaka jioni. Mjomba alifua. Walitutupia pipi. Mwanzoni alidhani wanalipa, kisha akadhani wana huruma, mwisho akaacha kudhani, akaziokota na kuziweka ndani ya kopo kwa ajili ya watoto wa Lusandu.

"Hawa hawana majembe kwao?" aliniuliza siku ya tatu.

"Wanayo, Mujomba."

"Basi wanatazama nini?"

"Wanakutazama weye."

"Miye?" Aligeuza nyundo mkononi. "Watachoka upesi."

Aliyetutunza aliitwa Monsieur Piret, mtu mnene, hakuwa mbaya. Siku ya kwanza alitukusanya akasema, na mimi nikatafsiri: mkiulizwa kitu barabarani, jibu ni kwamba mmefurahi. Atakayeleta maneno mengine atarudishwa na ndege ya kwanza, na huko kwao kuna watu watakaompokea. Aliyasema akitabasamu, lakini mwisho wa maneno hakuwatazama wengine. Alinitazama mimi.

Jumapili moja alitupeleka mjini kwa basi. Tuliona kanisa refu, tuliona uwanja wenye nyumba za dhahabu, tukala mkate. Kisha basi likapanda kilima kidogo, likasimama, na Monsieur Piret akavua kofia.

Ukichukua barabara ya Kasongo kutoka kanisani mpaka sokoni, ukaipandisha juu kama ukuta, ukaitoboa madirisha, utapata kitu kama jumba lile. Sikuweza kuliona lote kwa mara moja. Ilinibidi kugeuza shingo. Mbele kulikuwa na uzio wa chuma, bustani iliyokatwa sawasawa, askari ndani ya vibanda vidogo kama masanduku ya saa. Juu kabisa ya paa, bendera. Nilihisi viatu vyangu vikubwa, nikahisi koti langu, nikahisi hata jina langu.

Mjomba alitazama kwa muda mrefu. "Jiko liko wapi?" akasema. "Sioni moshi."

Nilimuuliza Monsieur Piret, akacheka sana, akaeleza. Mfalme halali hapa, ana nyumba nyingine. Hapa anafanya kazi, anapokea wageni. Bendera ikiwa juu, yuko nchini. Ikiwa haipo, amesafiri. Nilitafsiri neno kwa neno. Katika hayo sikukosea.

"Anapokea wageni hapa?"

"Ndiyo."

"Na bendera iko juu."

"Iko juu, Mujomba."

"Basi."

Tulipewa saa moja na nusu ya kupumzika katika bustani kubwa ya miti iliyo ng'ambo ya barabara. Wengine walivuka, wakakaa kwenye mabenchi, wakavua viatu. Mjomba hakuvuka. Alitembea taratibu mpaka katikati ya uzio, akaupima mlango mkubwa kwa jicho kama anavyopima chuma, akasogea hatua mbili kushoto. Kisha akafungua koti.

"Mujomba, hapa si Kabambare."

"Najua. Kabambare kuna bwana mudogo."

"Watatufunga."

"Kwa kukaa chini?" Alilaza jembe juu ya mawe kwa mikono miwili, kama mtu analaza mtoto. "Nyamaza sasa, mwipwa. Tumeanza."

Hapo ndipo njiwa alipokuja.

Watu walipita. Mwanamke mwenye mbwa alivuta kamba na kuzunguka mbali. Wazee wawili walisimama, wakaongea wao kwa wao, mmoja akapiga picha, wakaenda. Askari ndani ya kibanda alitazama mbele, hakugeuza hata kope. Mawingu yalishuka, matone yakaanza, machache, makubwa, yakaacha madoa meusi juu ya mawe na juu ya chuma. Mjomba hakufunga koti. Uso wake ulikuwa umetulia. Nilimjua kwa miaka yote ya maisha yangu na sikuwa nimeuona uso ule, isipokuwa mbele ya moto, pale chuma kinapokaribia rangi inayotakiwa.

Mlango mdogo wa upande ukafunguka.

Akatoka mtu mzee, kichwa kitupu bila nywele, koti jeusi lenye vifungo vya shaba, mwavuli mkononi. Sijui alikuwa nani. Mfungua milango, labda, au mtunza taa. Alikuja juu ya changarawe, polepole, nikasikia kila hatua. Akatoka nje ya uzio. Akasimama mbele yetu, akalitazama jembe, akamtazama mjomba, akafanya jambo ambalo hakuna Mzungu aliyelifanya tangu tushuke kwenye ndege. Alichuchumaa. Magoti yake yalilia. Akausogeza mwavuli ili umfunike mjomba, mvua ikaanza kumpiga yeye, na akauliza kwa Kifaransa, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli:

"Mmetuletea nini hapa, mzee wangu?"

Nimekuwa na miaka mingi ya kuifikiria nukta hiyo. Nimeigeuza kila upande. Monsieur Piret alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, anatutazama, mkate mkononi. Hiyo ni kweli. Meza yenye droo mbili ilikuwa kichwani mwangu, hiyo nayo ni kweli. Lakini nadhani kulikuwa na kitu kidogo kuliko hivyo na kibaya zaidi. Nililitazama jumba, nikalitazama jembe, na shauri letu likaonekana kama tope tulilolileta na viatu. Niliona haya.

"Hakuna kitu, Monsieur," nilisema. "Amechoka tu. Tunangoja basi."

Mzee yule alibaki amechuchumaa kidogo. Alimtazama tena mjomba, kana kwamba angependa kulisikia jibu kutoka kwake. Kisha akasimama kwa shida, akatuonyesha mabenchi kwa mwavuli, akarudi alikotoka. Alipofika mlangoni aligeuka mara moja. Mlango ukafungwa.

"Anasema nini?" mjomba aliuliza kwa sauti ya chini. Alikuwa amejiandaa kusema. Maneno ya miaka mitatu yalikuwa tayari, yamepangwa, jina la kila kaburi.

"Anasema mvua itanyesha."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Aliitikia kwa kichwa. "Basi huyu si mtu wa mfalme. Ni mtu mwema tu." Akarudi kungoja.

Basi lilipokuja hakutaka kusimama. Jua halijazama, alisema. Monsieur Piret alimshika mkono, kwanza kwa utani, kisha kwa nguvu, mwishowe mimi nikamshika mkono wa pili, na tukamwinua. Alikuwa mwepesi. Jembe nililiokota mimi. Ndani ya basi alikaa dirishani, akalifuata jua, na tulikolala alivuta kiti nje ya mlango akaendelea kulitazama. Wanaojua nchi ile wanajua jua la mwezi wa sita. Saa kumi na mbili jioni lilikuwa juu. Saa mbili lilikuwa bado juu ya mapaa. Kila nilipotoka kumwita kula aliniambia, "Limekataa kuzama. Mufalme ananipa nafasi." Na macho yake yaling'aa, na nilirudi ndani.

Lilipozama hatimaye, aliingia, akaliviringisha jembe ndani ya shati.

Tulirudi mwezi wa tisa. Ndege, meli, treni, kamyo, kisha miguu. Kule juu ya mto walikuwa wametusikia kabla hatujafika, na Lusandu nzima ilikuwa uani. Kopo la pipi lilifunguliwa. Zilikuwa zimeshikana zikawa jiwe moja, ikabidi zivunjwe kwa nyundo. Watoto walifurahi. Hiyo ndiyo furaha niliyoiona pale siku hiyo.

Mjomba alisimama akawaambia. Hakuongeza, hakupunguza.

"Nilikaa mbele ya mlango wake. Bendera ilikuwa juu. Alinipa mchana mrefu kuliko mchana wowote niliowahi kuuona, jua lilisimama mpaka miye mwenyewe nilichoka. Na bado hakuuliza."

Hakuna aliyelia. Walinigeukia mimi, kwa maana shahidi lazima aseme.

"Ulikuwepo?" mzee mmoja akauliza.

"Nilikuwepo."

"Hakutoka mutu?"

"Alitoka mmoja. Alisema mvua itanyesha."

Kisha Amisa akasema kutoka kwa wanawake, "Mutu anatoka ndani ya nyumba ya mufalme, na mwavuli, anavuka uwanja wote, anakuja kuwaambia mvua itanyesha?"

"Ndiyo."

"Na ilinyesha?"

"Kidogo."

Mtu fulani alicheka, na wengine wakacheka, kicheko kikavu, na kwa kicheko hicho nilipona. Amisa hakucheka.

Asubuhi mjomba alikata mti, akachonga mpini, akautia kwenye jembe. Kisha akaegemeza ngazi kwenye nyumba yake mwenyewe, akapanda, akaanza kuteremsha nyasi za paa. Watu walimtazama. Mzee wa pili akaleta ngazi yake. Mpaka adhuhuri kijiji chote kilikuwa juu ya mapaa. Hakukuwa na polisi hata mmoja. Yale ambayo moto na gereza havikuyaweza kwa miaka mitatu, yalifanyika kwa siku nne, kwa utulivu, watu wakisaidiana kushusha nguzo, mama mmoja akimwambia mwingine aangalie asivunje vyungu. Jirani ya kaburi la mama yangu waliacha sahani moja ya udongo. Sijui ni nani aliyeiweka. Mwaka uliofuata mashine za kampuni zilifika, na mto ukageuzwa, na pale penye miti ya mawese pakawa shimo la maji mekundu.

Barua niliipata. Meza niliipata. Nilikaa nyuma yake miezi minne. Kila mtu aliyeingia na kusimama mbele yangu, kofia mkononi, akingoja nimuulize ana shida gani, nilishindwa kumtazama. Siku moja nilitoka kununua karanga na sikurudi.

Mjomba alikufa kwenye kilomita ya arobaini na moja, mwanzoni mwa mwaka wa 1960, bendera ya Ubelgiji ikiwa bado juu. Wakati huo nilikuwa Kalima. Waliniambia alilima mpaka wiki ya mwisho, ardhi ile ya kando ya barabara, nyekundu, ngumu, isiyotoa kitu, na hakulalamika hata mara moja, kwa sababu shauri lilikuwa limekwisha. Hakufua tena. Alisema hakuna wa kumpelekea.

Nimejiambia mengi njiani. Kwamba mzee wa mwavuli angesema pole, akarudi ndani, basi. Kwamba hata angefika kwa mfalme mwenyewe, kampuni ingechimba. Kwamba watu wangeendelea kukataa, wakachomwa tena, wakafa wengine, na kwamba huenda niliwaokoa. Ninayajua maneno hayo vizuri. Nimeyasema kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Hayakunipa usingizi kwa lugha yoyote.

Masika iliyopita nilipita kilomita ya arobaini na moja. Pikipiki iliniacha barabarani, kijana wa pikipiki akaniambia, "Babu, hapa hakuna kitu," akaenda. Amisa bado yuko hai. Ni mwanamke mkongwe sasa, mgongo umepinda, wajukuu wamekwenda migodini. Alikuwa ndani, nilisikia akipanga vyungu. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta.

Nililitambua kwa rangi. Lilikuwa limelika miaka yote hiyo mpaka limebaki dogo kama kiganja, mdomo mwembamba, lakini chuma cha mlimani hakikushika kutu. Nilikaa na kulitazama. Kisha nikaligonga kwenye jiwe mpaka mpini ukatoka. Nikaliweka uani, mdomo ukielekea mlango wake. Nikakaa chini nyuma yake. Magoti yangu yalilia, nikakumbuka magoti mengine. Nikanyamaza.

Alitoka na beseni la maji. Aliona, akasimama. Hakuna mtu aliyefanya hivyo mahali pale kwa zaidi ya miaka hamsini, na watoto wanaocheza barabarani wasingejua maana yake. Aliweka beseni chini. Alikausha mikono yake kwenye kitenge, kidole kwa kidole, bila haraka. Akaja akasimama mbele yangu, akauliza, kwa sauti kamili, kama inavyopasa:

"Umeleta nini, kaka?"

Jua lilikuwa bado chini, asubuhi tu. Nilikuwa na siku nzima. Maneno yote yalikuwepo.

"Hakuna kitu, Amisa," nilisema. "Nimechoka tu."

Alinitazama. Alinitazama muda mrefu kuliko mzee wa mwavuli. Kisha akainama, akaokota jembe, akaokota na mpini, akaugonga juu ya jiwe mpaka ukakaza.

"Basi pumzika," akasema. "Miye nakwenda shamba kabla jua halijawa kali."